Unga Nilioutuma Sanya Juu

Kama umeketi kwenye benchi la kliniki ya matiti, karatasi yako umeikunja mara nne na kuibana kiganjani, nakuandikia wewe. Sitakueleza ugonjwa huu unaanzaje. Hayo wapo waliosomea. Mimi nilisomea sayansi kimu nikafundisha shule ya msingi Moshi mjini miaka kumi na sita. Ninachokijua ni chakula, na hata hicho nimegundua nilikijua nusu. Nitakueleza habari ya soya. Ukiona ni jambo dogo, vumilia, kuna mtu alikufa ndani yake.

Uvimbe niliukuta nikioga, titi la kushoto, mgumu, hauumi. Ilikuwa masika ya mwaka ule mume wangu alipong'oa mibuni ya marehemu baba yake kule Uru akapanda nyanya, maana kahawa ilikuwa imebaki kuwa heshima tu, faida haina. Nilisubiri shule zifunge ndipo niende hospitali. Mwalimu mzima, nikajiambia mitihani ya wanafunzi haiwezi kungoja. Uvimbe nao haukungoja.

Benchi la hospitali ya rufaa lilikuwa refu, la mbao, limeng'arishwa na makalio ya watu. Pale ndipo nilipokutana na Felista. Alikuwa mrefu, amevaa koti la kiume, na mapajani ameshika kikapu cha maparachichi aliyokusudia kumpa daktari yeyote atakayemwambia habari njema. Aliyala mwenyewe baadaye. Aliniuliza langu ni la upande gani. Nikamwambia kushoto.

"Langu la kulia," akasema. "Basi mwalimu, tukiunganishwa tunatoa mwanamke mmoja mzima."

Nilicheka hadi nesi akatugeukia. Felista alikuwa akiuza mahindi na maharage soko la Sanya Juu. Mumewe alikuwa Arusha, na aliposikia neno kansa akapunguza safari za nyumbani, kisha akaziacha. Felista akarudi kuishi na mama yake.

Mimi na yeye tulikatwa matiti wiki ile moja. Nilipozinduka nilipeleka mkono pale mahali nikakuta pamba na plasta na ubapa. Nililia, sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Mkono wa kushoto ulikataa kupanda juu ya bega, na kwa wiki nyingi sikuweza hata kujichania nywele. Haikuwa hasara kubwa, maana nywele zenyewe zilikuwa njiani kuondoka.

Mama mkwe alikuja kunichukua mwenyewe akanipeleka Uru. Kwetu Uchaggani mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu, halimi, hachoti maji, analishwa tu mpaka anenepe. Mama mkwe aliamua kwamba mimi ni mzazi. Mume wangu alipomwambia kwamba sijazaa, nimekatwa, alijibu kwamba aliyezaa na aliyekatwa wote wamemwaga damu, na yeye hajui dawa nyingine ya damu isipokuwa chakula. Akanilaza chumba kile kile alichonilaza nilipomzaa binti yetu Aika. Asubuhi uji, saa nne mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, mchana kiburu, yaani zile ndizi zinazopondwa na maharage, ila yeye aliweka soya badala ya maharage.

Soya alijifunza kliniki ya watoto miaka ya themanini, watoto walipokuwa na vitumbo na nywele nyekundu za utapiamlo, na aliyofundishwa aliyashika kama katekisimu. Soya haisagwi mbichi, inaumiza tumbo. Aliichagua, akaichemsha kwenye maji yanayotokota, akaifikicha maganda, akaianika, akaikaanga, ndipo ikaenda mashineni. Jambo moja tu alikataa. Majirani walikuwa wakikaanga soya na kuinywa kama kahawa, na yeye alisema amelima buni tangu aolewe, hawezi kunywa kahawa ya maharage akiwa bado na akili zake.

Aliketi kwenye kigoda mbele yangu mpaka kikombe kiishe. Hakuzungumza sana. Nilitamani wakati mwingine aondoke nimwage ule uji dirishani, naye alijua, ndiyo maana hakuondoka.

Mume wangu alikuja kila Jumamosi na sukari na gazeti, akaongea na ukuta. Siku moja nilimwomba anifunge kanga kwa nyuma kwa kuwa mkono haukufika. Akamwita mama yake. Nilimsamehe baadaye sana, na si kwa siku moja.

Sindano za kansa zilikuwa sita, kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza iliangukia wakati wa kuvuna mahindi, ya tatu wakati wa vumbi, ya mwisho mvua za vuli zimeshaanza. Mdomo uliota vidonda, kucha zikawa nyeusi, na harufu ya vitunguu vikikaangwa ikanifanya nikimbilie nje. Mimi na Felista tulipangiwa siku moja. Mimi nilishuka kutoka Uru na chupa ya uji, yeye alitoka Sanya Juu tumbo tupu, kwa sababu mama yake alikuwa amebaki sokoni badala yake na nyumbani hakukuwa na wa kuwasha jiko. Tulikuwa tukigawana chupa yangu. Aliwahi kuniuliza uji ule una nini mpaka unakaa tumboni.

"Soya," nikamjibu, "na mtu wa kuupika."

Siku ile nilimwahidi kwamba nikipata nguvu nitakwenda Sanya Juu nikae naye wiki nzima, nimpikie kama nilivyopikiwa mimi. Hakuniomba. Niliahidi mwenyewe.

Sindano zilipoisha tukapewa vidonge vya hospitali, kimoja kila siku, miaka kadhaa. Nilirudi nyumbani kwetu Njoro, pale Moshi mjini, nikarudi darasani nikiwa na kitambaa kichwani na soksi iliyojazwa pamba ndani ya sidiria. Hedhi ilikuwa imekatika kwenye sindano ya nne, nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Kisha likaja joto. Lilianza kifuani, likapanda shingoni, likafika kichwani, jasho likanitoka mbele ya darasa la tano nikaandika ubaoni nikiwa nimelowa. Nilijifuta kwa kilichokuwa mkononi, na kilikuwa dasta. Watoto walicheka, na sikuweza kuwalaumu, mwalimu amekuwa mweupe nusu uso. Viungo viliuma. Nilimkaripia Aika kwa makosa yasiyokuwepo. Nililaumu kidonge cha hospitali, na ukweli ni kwamba kilichangia.

Wifi yangu Yusta, dada wa mume wangu, ndiye aliyeleta kopo. Ilikuwa miaka ile kila kitu kilikuwa kikiingia mjini, mitumba, simu za mkononi, na semina za Jumamosi ambako watu walisimama mbele ya ukumbi kutoa ushuhuda wa vidonge vilivyowaponya. Yusta hakuwa mtu mbaya. Aliamini. Kopo lilikuwa jeupe, limejaa vidonge, lina picha ya jani la kijani na maandishi ya Kiingereza madogo madogo.

"Wifi, hii siyo dawa, ni soya tu," akaniambia. "Ile ile unayokunywa kwa mama. Ila hapa wameikamua wakabakiza nguvu yake."

Mimi ndiye niliyewafundisha watoto kwamba kijiko cha chumvi huunga mchuzi na kikombe chake humfanya mtu atapike. Chumvi ni ile ile. Ningeweza kumwuliza Yusta nguvu hiyo ni kiasi gani, na imepimwa kwa mwanamke wa namna gani. Sikuuliza. Nilisikia neno soya nikaona kigoda cha mama mkwe, nikaona kikombe, nikameza.

Vya hospitali nilisahau siku mbili, kisha wiki, kisha nikaviacha kwa makusudi. Wiki ya nne joto likapungua. Nikasema kopo limenitendea mema. Sikujiuliza ni kipi kilichokuwa kimeingia mwilini na ni kipi kilichokuwa kimetoka.

Kliniki iliyofuata ilikuwa Julai, kile kipindi ambacho Moshi hulala chini ya mawingu na mlima hauonekani wiki nzima. Felista alikuwa kwenye benchi na koti lake, akijipepea kwa kadi ya hospitali na huku wengine wote wakitetemeka. Nikatoa kopo nikamwingizia mfukoni. Nikamweleza ni soya. Akaligeuza geuza.

"Na vile vya hospitali?" akauliza.

"Mimi nimeviacha," nikasema. "Si unaona sitoki jasho."

Ndiyo maneno yenyewe, sijayapunguza. Na hili nalo sikufichi: likizo ilikuwa imefika, nilikuwa na wiki ya kwenda Sanya Juu kupika, na nilikuwa nimechoka. Unga unataka mtu akae jikoni, akoroge, amngoje mgonjwa amalize. Kopo linaingia mfukoni. Nilirudi Njoro nikijihisi nimetimiza ahadi. Lilipokwisha, nilimwelekeza Yusta kwake, naye akampelekea mengine siku za soko.

Vuli ilipoanza nilirudi kliniki. Nesi mmoja mwenye miwani, ambaye hakuna aliyempenda na sasa namwombea kila Jumapili, aliniambia nimwage mkoba mezani. Paketi ya hospitali ikatoka haijaguswa, na kopo likatoka. Hakunisema. Alivibeba vyote viwili akaingia navyo kwa daktari, nami nikamfuata nyuma kama mwanafunzi aliyekutwa na kibuyu cha pombe ya mbege.

Daktari alikuwa kijana na alizungumza polepole. Alisema soya ya chunguni niendelee kula kama chakula kingine, kwa kiasi, wala nisiiogope. Ile ya kopo ni nyingi mno mahali padogo, na kwa mwanamke mwenye ugonjwa wa namna yangu hawajui vya kutosha itafanya nini, kwa hiyo hataki niimeze. Lakini kilichomkasirisha zaidi ni ile paketi iliyojaa.

"Kuna mwenzako mwingine anayetumia hivi?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

Sijui nilikuwa namwogopa nini kijana yule. Nadhani nilikuwa nimeaibika mara moja na sikutaka kuaibika mara ya pili siku hiyo hiyo. Nilipotoka, nesi alikuwa mlangoni akiita jina la Felista. Aliita mara tatu, benchi zima likageuka kutazama, hakuna aliyeinuka. Nilikuja kujua baadaye kwamba hakuja kliniki kwa sababu alijisikia vizuri. Hakuwa akitoka jasho.

Nilirudia vidonge vya hospitali, joto likarudi, nikalipokea. Na wiki ile nikatengeneza unga wa soya wa Felista, nikachemsha na kufikicha na kukaanga kama alivyofanya mama mkwe, nikachanganya na mahindi, nikampa mama mmoja anayekwenda kuuza soko la Sanya Juu. Ndani ya mfuko niliweka barua. Niliandika salamu. Niliandika namna ya kukoroga usishike mabonge. Habari ya kopo nilikusudia kuiandika mwisho, na karatasi ikaisha kabla, maana nilikuwa nimechagua karatasi ndogo.

Jibu lilikuja kwa mdomo wa yule mama. Felista anashukuru sana, sasa anakunywa soya asubuhi kwa kikombe na jioni kwa kidonge.

Sasa, wewe unayesoma, utasema nilipanda gari siku ile ile. Sikupanda. Nilisema shule zikifunga. Nilipofika kwake ilikuwa Desemba, na nilimkuta akitembea kwa kushika ukuta, mgongo unamuuma, amekonda isipokuwa tumbo. Hapo nikamwambia arudi hospitali na arudie vidonge vyao, nikasema nimesikia kwamba vile vya kopo havifai. Nimesikia. Kama habari ya redio. Alikuwa mwerevu kuliko mimi, akasema tu kwamba nimependeza, nimenenepa.

Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa. Alikufa masika, tukamzika kwenye tope. Msibani nilikaa na wanawake wanaomenya ndizi, nikamenya mpaka mikono ikawa myeusi, ili nisiketi karibu na mama yake. Alinifuata. Bibi mfupi, amejifunga kanga mbili, macho makavu.

"Wewe ndiye yule mwalimu aliyemletea unga," akasema. "Asante, mwanangu."

Nilipokea shukrani ile. Nilisema, "Haya, mama, pole sana," nikaendelea kumenya.

Daktari nilimwuliza baadaye kama kuacha vidonge ndiko kulikomwua. Alijibu kwamba hakuna anayeweza kusema, kwamba ugonjwa huu hurudi hata kwa asiyekosa kidonge hata siku moja. Ni kweli na ninaiamini. Haijanisaidia. Felista aliuliza swali moja la maana, na mimi ndiye niliyejibu.

Kwa hiyo nakuomba, wewe wa benchini. Kula soya yako ikiwa unaipenda, kwenye uji au kiburu, ichemshe kwanza. Ukiletewa kopo, hata na mtu anayekupenda, lipeleke kwa daktari kabla hujalifungua, na kidonge cha hospitali usikiache kabla hujarudi kumwambia kinakutesa vipi. Kisha mwambie na habari ya mwenzako. Mwambie jina lake na anakoishi.

Nilikaa na jambo hili mwaka mzima. Kila vipimo vyangu vilipotoka safi niliona nimeiba. Mwishowe nilimweleza mama mkwe, tukiwa kihambani kwake, kwenye migomba, tunakata majani ya ng'ombe. Alikwenda hadi mpakani akakata isale, lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka, ambalo Mchagga akikukosea anakuletea likiwa limefungwa fundo kuomba msamaha, na wewe huruhusiwi kulikataa. Akalifunga akanikabidhi.

"Hili nalo usilitume," akasema.

Nilikwenda Jumatano, siku ambayo si ya soko. Nilimkuta mama yake Felista uani, ungo wa mahindi miguuni, anapukuchua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikaweka isale mbele yake nikabaki nimesimama, nikasema yote: kopo, benchi, nilivyojibu, nilivyomdanganya daktari, barua fupi, na shukrani niliyoipokea msibani. Nilisema haraka, kwa hofu kwamba nikipumua nitaacha.

Aliinuka akaingia ndani. Nilidhani amekataa hata kunisikia. Alirudi na kopo jeupe lenye jani la kijani, akalitikisa. Lilikuwa bado na vidonge.

"Alikuwa anatapika kila kitu," akasema. "Mimi nikaona haya madude ndiyo yanamtapisha. Nikayaficha darini. Aliniomba mara mbili. Mara ya pili alilia, nikamnyima. Haikupita wiki akafa."

Akaketi. Akaweka kopo chini, kando ya isale.

"Mwaka mzima najua kwamba ni mimi niliyemnyima mwanangu dawa."

"Haikuwa dawa, mama," nikasema. "Haikuwa dawa. Hukumnyima kitu."

Alifunika uso kwa kanga, na macho yale yaliyokuwa makavu msibani yakalia muda mrefu. Sikuthubutu kumgusa. Mwaka mzima mimi nililinda aibu yangu Njoro, na yeye alikuwa hapa amejihukumu kwa kosa ambalo neno langu moja lingeliondoa.

Alipomaliza akajifuta, akaokota isale, akalipitisha kwenye vidole vyake.

"Halikataliwi," akasema, akalichomeka ukutani juu ya mlango. Kisha akanigeukia. "Lakini ule unga, mwalimu. Siku ile ulipoutuma. Kwa nini hukuja nao?"

Akavuta kigoda cha pili, akasogeza ungo katikati yetu, nami nikaketi nikaanza kupukuchua.